Mchoraji wa Kujitegemea: Panga Malipo Kabla ya Kushika Penseli

Umepata kazi ya kuchora. Mteja anasema, "Anza tu, pesa nitakurushia jioni." Unakesha, unatuma picha, halafu simu yake haishikwi tena. Kama hili limewahi kukupata, somo la leo ni lako.

Tuseme mchapishaji anataka picha 12 za kitabu cha watoto, na mmeelewana KSh 3,000 kwa kila picha. Jumla ni KSh 36,000. Usingoje zote mwishoni. Zigawe hivi:

1. Kabla ya kuanza: KSh 18,000. Hii ndiyo arubuni. Inanunua karatasi, rangi na bando, na inakuonyesha kama mteja yuko serious.

2. Akishapitisha michoro ya penseli: KSh 10,800. Hapa ndipo mabadiliko ni rahisi. Elezeni mapema kwamba marekebisho ni mara mbili. Ya tatu inalipiwa.

3. Kabla ya kutoa faili za mwisho: KSh 7,200. Mpaka hapo, mwonyeshe picha ndogo zenye jina lako katikati.

Pesa ikiingia, usiamini meseji peke yake. Matapeli huandika SMS inayofanana kabisa na ya kweli. Angalia salio lako mwenyewe, ndipo utume faili. Na mtu akikupigia akidai amekutumia pesa kimakosa, usimrudishie kutoka mfukoni mwako. Mwambie apigie huduma kwa wateja.

Sasa, jambo ambalo wachoraji wengi hawalijui. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, mteja akikuagiza kazi, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwake hata kama hakukuajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine. Yaani ukinyamaza, picha uliyochorea kitabu inaweza kesho kuonekana kwenye mabegi ya shule na kalenda, na wewe usipate hata shilingi. Kwa hivyo andikeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja, muweke sahihi: picha ni za kitabu hiki pekee, hakimiliki inabaki kwa mchoraji, matumizi mengine yanalipiwa kando.

Mwisho, tenganisha pesa za kazi na za nyumbani. Ukiwa na till, kila malipo yanaandikwa, na taarifa ya akaunti itakusaidia unapojaza ritani ya KRA kabla ya tarehe 30 Juni kuisha. Kazi zetu hizi zina miezi ya mvua na miezi ya kiangazi, kwa hivyo kila malipo yakiingia, weka kando kidogo siku hiyo hiyo.

Wiki hii fanya moja tu: andika bei zako na hatua zako tatu za malipo, uzihifadhi kwenye simu. Mteja akisema "anza tu", mtumie hizo kwanza.