Jino limezibwa, mbona bado lauma?

Ulizibwa jino juma lililopita, lakini ukitafuna bado unaumwa. Usiwe na hofu. Jino lililochimbwa na kuzibwa huweza kuuma, au kusisimka ukinywa kitu baridi, kwa siku kadhaa, hata majuma mawili, kisha likatulia.

Ikiwa maumivu huja kila unapouma chakula, rudi kwa daktari wa meno. Huenda mahali palipozibwa pameinuka, pakawa panagongana na meno mengine. Kupasawazisha ni kazi ya dakika chache.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaidhanii: wasiwasi. Mtu anayewaza kodi ya nyumba au karo hukaza meno bila kujua, awe ndani ya matatu au usingizini. Jino bichi hivyo hubanwa na kuchelewa kupoa. Ukiamka taya zimechoka na panja zinauma, jichunguze.

Fanya hivi: funga midomo lakini meno yaachane. Meno hayafai kugusana ila unapotafuna au kumeza. Jikumbushe kila unapotazama saa. Kanda taya kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu. Kula vyakula laini. Miwa na mahindi ya kuchoma yangoje. Usiweke aspirini juu ya ufizi, itauchoma. Tabia hiyo ikiendelea, daktari aweza kukutengenezea kinga ya kuvaa usiku.

Ukiona uvimbe, usaha au homa, usingoje: nenda hospitali siku hiyo hiyo.