Ugumu Ulio na Faida

Katika mwaka 1998 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mchezo wa video uitwao Ocarina of Time, ukapendwa mno. Mwaka 2000 ukafuata wa pili, Majora's Mask, nao ulijaa huzuni na giza. Mwezi wenye uso wa hasira washuka kuiangukia nchi, na mchezaji ana siku 3 tu kuiokoa. Kwa saa yetu ni kama dakika 54, asipopunguza mwendo wa wakati. Akirudi siku ya kwanza, hupoteza mishale na fedha za mkononi. Lakini fedha za benki hubaki, na nyimbo alizojifunza hubaki.

Wachezaji waligawanyika. Wengine walinung'unika kwamba saa yawaharakisha. Wengine walisema huo ndio utamu wenyewe. Mchezo ulipotolewa upya mwaka 2015, kuhifadhi hatua aliyofikia mchezaji kulirahisishwa. Hapo tena wengine walishukuru, na wengine walilalamika kuwa umelegezwa.

Nani ana haki? Kwanza tutenganishe ugumu wa aina 2. Upo unaofundisha: ukishindwa wajua kosa lako, na jaribio la pili laanza na maarifa ya la kwanza. Upo na unaopoteza muda tu, kama kurudia kazi yote kwa kukosa nafasi ya kuihifadhi. Kuupunguza huu si kumdekeza mtu. Ule wa kwanza ukiondolewa, furaha ya kushinda huondoka nao.

Zoezi: Chukua hesabu uliyokosa juma hili. Je, ugumu wake ulikuwa wa aina gani, na ni kitu gani kilichobaki benki?