Unauza spea za mashine za kuosha mazulia? Soma namba kabla hujapokea hela

Somo la leo ni la sisi tunaouza spea kwa simu, hasa spea za mashine za presha. Mimi niko Mshangano, Songea, ila ukiwa Kahama au Korogwe mambo ni yale yale.

Kuna hawa vijana wanaofunga mashine ya kuosha mazulia nyuma ya kirikuu. Pale nyuma utakuta tanki la maji, injini ya petroli, pampu ya presha inayozungushwa na mkanda, hozi ndefu, na wengine wana jenereta ndogo na vakyumu ya kunyonya maji machafu. Wanamfuata mteja alipo: gesti, kanisani, msikitini, majumbani. Kwa Wamarekani hiyo inakuja kama mtambo mmoja kutoka kiwandani, injini moja inasukuma maji na kunyonya. Ya kwetu ni ya kuunganisha. Injini ya huku, pampu ya kule, puli kachonga fundi. Kwa hiyo hakuna spea ya "mashine ya kirikuu". Kuna vipimo tu.

Sasa mteja anakuandikia: "Boss, una oili sili ya pampu ya presha?" Ukijibu "ipo, 6,000, tuma hela" umeshajitafutia kesi. Tupige hesabu. Chukulia uliinunua 3,000. Umeipeleka Tunduru kwa basi, nauli 5,000. Imefika, haiingii. Mwenzako kirikuu kimelala, kazi za watu zimelala, na anataka hela yake. Ukibeba nauli ya kwenda na ya kurudi ni 10,000. Ili uirudishe hiyo uuze oili sili nne, na zote ziingie.

Oili sili ina namba tatu usoni, mfano 20 35 7. Ya kwanza ni unene wa shafti inapokaa, ya pili ni upana wa nje, ya tatu ni kimo chake, zote kwa milimita. Kama namba zimefutika, usimwambie mteja apime tundu la sili ya zamani, mdomo wake umeshalika na kupanuka. Apime shafti. Oringi nayo ikizeeka inalala na kuwa bapa, unene wake unakudanganya, bora apime mfereji inapokaa.

Beringi ni rahisi zaidi. 6202 inaingia shafti ya milimita 15, 6203 ya 17, 6204 ya 20, 6205 ya 25. Herufi za mwisho watu wanazipuuza na hawatakiwi: ZZ ina vifuniko vya bati pande zote mbili, 2RS ina vya raba. Kwenye mashine inayorushiwa maji siku nzima mpe 2RS.

Mkanda ukiandikwa B 48, herufi ni upana na namba ni urefu kwa inchi. A ina upana wa milimita 13 juu, B ina 17. Mkanda wa A ukiuweka kwenye puli ya B unazama chini, unateleza, halafu mteja anasema umemuuzia feki.

Halafu kuna hii ya viungio vya hozi, ambayo inawatesa wengi. Kiungio cha kufunga kwa mkono cha M22 kipo cha aina mbili. Nyuzi ni sawa kabisa, ila kile kipini cha katikati kimoja ni milimita 14 na kingine 15. Cha 14 kwenye tundu la 15 kinafungika vizuri, ukiwasha kinamwaga maji. Picha haikuonyeshi tofauti hiyo. Lazima kipimwe kwa venia. Venia ya plastiki ni hela ndogo, nawashauri wateja wangu wa kudumu wawe nayo.

Kwa picha nina sharti moja: spea ioshwe, iwekwe juu ya meza na rula pembeni. Picha ya kitu cheusi kimeshikwa na mkono wenye grisi haina faida kwangu wala kwake.

Ukishajua namba bado hujamaliza, maana mara nyingi mteja anaomba spea ambayo siyo inayomsumbua. Analalamika presha imeshuka, anataka pampu nzima. Hapo muulize maswali kabla ya bei. Nozo ina muda gani? Maji yenye mchanga yanakula tundu la nozo taratibu. Tundu likiongezeka upana kwa asilimia 10 tu, kwa maji yale yale, presha inashuka karibu theluthi. Kwa macho huoni kitu. Chujio la kuingiza maji je? Manyoya ya zulia na uchafu wa tanki vinaliziba, pampu inakosa maji na kugonga kama ina kokoto ndani. Presha inapanda na kushuka, hozi inarukaruka? Hewa inaingia upande wa kunyonya, au kuna uchafu umekwama kwenye valvu. Mkanda unalia? Umelegea. Vyote hivyo ni vya bei ndogo ukilinganisha na pampu.

Lakini akikwambia oili ya pampu imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa, hapo maji yameingia kwenye oili. Azime mashine siku hiyo hiyo. Anahitaji sili, na oili mpya baada ya kuzibadilisha, vinginevyo beringi zinafuata. Muulize pia kama huwa anaachia triga na kuacha injini inanguruma huku anapiga stori na mwenye nyumba. Kwenye pampu ambayo maji ya ziada hayarudi tankini, yanazunguka humo humo ndani, yanachemka na kuunguza sili. Zikizidi dakika mbili tatu, azime.

Zile pampu zenye vikombe vya grisi juu, ambazo pia zinapulizia dawa mashambani, zina nafuu kwetu wauzaji, spea moja inauzika kwa muosha mazulia na kwa mwenye kahawa wa Mbinga. Hizo grisi ikikauka sili inakauka nayo. Vikombe vikazwe kidogo kidogo wakati wa kazi.

Vakyumu za umeme: kaboni za mota zinapungua urefu. Zibadilishwe kabla hazijaisha, zikiisha zinachubua rota na hapo ni mota nzima.

Sehemu ninayopata oda nyingi bila kutangaza ni hii. Injini kama Honda GX160 kitabu chake kinasema oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 20, kisha kila saa 100 au miezi 6. Watu wanashika ile miezi 6. Kijana anayefanya kazi saa 5 kwa siku anafikisha saa 100 ndani ya siku 20 za kazi! Chujio la hewa ni kusafishwa kila saa 50, na kwa vumbi letu la kiangazi hata kabla ya hapo. Kwa hiyo nina daftari: namba ya simu, aina ya injini, siku aliyobadilisha oili, anafanya kazi saa ngapi kwa siku. Siku zikikaribia namtumia ujumbe mfupi: "Kaka, oili imefika muda. Chujio umelipulizia?" Wengi wanajibu kwa kuagiza. Wengine wanasema bado, na sawa tu.

Kuhusu mtaji, usijaze pampu dukani. Hela inalala. Weka vinavyolika na vinavyoingia mashine nyingi: nozo, oringi, oili sili za saizi zinazoulizwa, 6202 hadi 6205, plagi, mikanda michache ya A na B. Kikubwa unaagiza Kariakoo mteja akishalipia nusu.

Kama una spea imekugomea kuitambua, weka picha hapa chini, na rula pembeni tafadhali. Andika na unene wa shafti.