Unataka Kuongoza Filamu? Anzia Kigoma: Vidokezo 6

Vijana wengi wa Mwanga, Katonga na Ujiji huamini kuwa safari ya mwongozaji wa filamu huanzia Dar es Salaam. Si lazima. Hifadhi ya Gombe, jirani kabisa na mji wetu wa Kigoma, imemlea mmoja wa mabingwa wa filamu za wanyama duniani.

1. Jifunze kusubiri. Hugo van Lawick, Mholanzi, alifika Gombe mwaka 1962 akiwa na miaka 25. Alitumwa na National Geographic kuwapiga picha sokwe waliochunguzwa na mtafiti Jane Goodall. Sokwe haambiwi "rudia tena." Ilimbidi kwanza azijue tabia zao, ndipo ajue kamera aielekeze wapi. Baadaye aliongoza filamu zake mwenyewe na kushinda tuzo za Emmy.

2. Tunza kila ulichopiga. Mwaka 2017 mwongozaji Brett Morgen alitoa filamu ya *Jane*, iliyotokana na zaidi ya saa 100 za picha hizo za Gombe zilizokuwa zimelala ghalani miaka mingi. Weka nakala mbili, sehemu mbili tofauti, kila moja na tarehe na mahali.

3. Panda ngazi kwa filamu fupi. Mwongozaji Amil Shivji alianza na *Shoeshine* na *Samaki Mchangani*, zote fupi. Ikafuata *T-Junction* mwaka 2017, kisha *Vuta N'kuvute*, iliyoonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021 ikizungumza Kiswahili. Lugha yako haikuzuii kufika mbali.

4. Fuata ratiba ya ziwa. Kwetu jua huzama ziwani, nyuma ya milima ya Kongo. Jioni, mhusika anayetazama maji hupata mwanga laini usoni. Asubuhi jua hutokea upande wa mji na kuwamulika wavuvi wanaporudi. Ukitaka taa za wavuvi wa dagaa, nenda usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi hupumzika.

5. Linda sauti. Upepo wa ziwani na injini za boti za Kibirizi humeza maneno. Kivishe kipaza sauti kifuniko cha manyoya, rekodi mazungumzo mbali na boti, na mlio wa injini urekodi peke yake.

6. Omba kibali mapema. Anza na Bodi ya Filamu. Gombe ni hifadhi ya taifa tangu 1968, kwa hiyo huko utahitaji pia ruhusa ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA).

Hadithi za kupiga nazo ziko hapa hapa. Dunia inaijua Ujiji kwa Stanley kukutana na Livingstone mwaka 1871. Wapagazi waliobeba mizigo na wenyeji waliowapokea bado wanastahili filamu zao, na wa kuzitengeneza ni sisi wa huku. Basi mwezi huu chagua mtu mmoja wa mtaani kwako, mtengenezee filamu ya dakika tano, na uwaonyeshe majirani kabla ya kuipeleka kwenye tamasha lolote.