FRENI YA NDEGE YA ZAMANI: PIESI INAYOFANANA SIYO PIESI ILE ILE

Ndugu watumikaji, nanyi mama na vijana mnaosoma ukurasa huu nyumbani: mara nyingi tunasema hapa juu ya kofia, viatu na shimo. Leo tunasema juu ya freni, ile ambayo ndugu zetu wa mashariki wanaiita breki, na tunachukua mfano wa ndege ndogo. Usiseme, "Mimi si piloti, hiyo hainihusu." Mahali pengi barabara inakufa wakati wa mvua, na ndege ndogo ndiyo inaleta dawa na kupeleka mgonjwa kwa munganga. Na nyingi kati yao ni wazee. Cessna 180, kwa mfano, ilianza kutengenezwa mwaka 1953 na ikakoma mwaka 1981. Inaweza kuwa na umri kupita piloti wake.

Tuseme ndege ya namna hiyo imeshuka upande wa Basoko, pale mto Aruwimi unapoingia katika mto Kongo. Piloti anasema pedali ya kushoto inazama mpaka chini. Fundi anafungua gurudumu: garnitire zimekwisha, na mpira wa ndani unavuja mafuta. Kule mwisho wa kiwanja kuna miti na maji. Chini ya bawa, kivulini, amelazwa mama anayengoja kupelekwa Kisangani. Watu wote wanamtazama fundi.

Hapo majaribu yanaanza. Kijana msaidizi anakimbia kwenye garaji ya kamyo na kurudi na chupa.

"Yaya, nimepata mafuta ya freni."

"Ni ya rangi gani, mdogo wangu?"

"Nyeupe-nyeupe, kama asali nyepesi. Lakini mafuta ya freni si ni mafuta ya freni?"

"Hapana. Rudisha."

Yaya huyo ana haki. Freni za ndege hizi zinatumia mafuta mekundu yanayotoka katika petroli, yenye namba 5606. Mafuta ya freni ya motokari ni ya jamii nyingine kabisa. Ukiyatia katika ndege, mpira wa ndani unavimba, unalegea, kiisha unaachia. Jambo baya ni kwamba haiachii siku ile ile. Leo pedali inakuwa ngumu, watu wanashangilia, fundi anasifiwa. Freni inakufa baadaye, katika kiwanja kingine, abiria wakiwa ndani. Na ninyi madereva wa kamyo, jueni kwamba kinyume chake ni kweli pia: mafuta mekundu yanaharibu mpira wa motokari.

Kwa nini freni moja ni hatari hivyo? Ndege ya namna hii ina freni ya kushoto na freni ya kulia, kila moja na pedali yake, na piloti anazitumia pia kwa kugeuka akiwa chini. Kama moja imekufa na anakanyaga zote mbili, ndege inazunguka upande wa freni nzima, inatoka njiani, inaingia penye watu. (Wazee watasema zile Gipsy Moth zilizoruka Kenya miaka ya 1920 na 1930 nyingi hazikuwa na freni kabisa. Ni kweli. Chuma cha mkiani kilikwaruza majani na kuzisimamisha. Lakini zilikuwa nyepesi sana na zilishuka polepole.) Sisi wa Kongo hatuhitaji kufundishwa juu ya ndege isiyosimama. Tarehe 8 Januari 1996, huko Kinshasa, ndege ya mizigo ilishindwa kuruka kutoka N'Dolo, ikapita mwisho wa kiwanja na kuingia katika soko la Simbazikita. Watu zaidi ya 200 walikufa. Kosa lilikuwa uzito, siyo freni, lakini tuliona ni nani wanaokaa mwisho wa kiwanja: wauza samaki na watoto.

Basi, piesi inatafutwa namna gani? Fundi asianze na jina la ndege. Aanze na kibati kilicho juu ya freni yenyewe, asome namba, halafu afungue kitabu cha piesi. Cessna nyingi za miaka ya 1950 zilitoka kiwandani na freni za Goodyear, ambazo sahani yake ya chuma inashikwa na vibanio vidogo ndani ya gurudumu. Piesi zake zikawa adimu, na wenye ndege wengi wakabadilisha kwa freni za Cleveland, ambazo sahani yake inafungwa kwa bulo. Kwa hiyo ndege mbili za mwaka mmoja, zilizosimama bega kwa bega, zinaweza kuwa na freni mbalimbali. Ukiagiza kwa jina la ndege tu, utangoja majuma mengi na kupokea kitu kisichoingia. Piper Cub ya zamani ndiyo shida zaidi: ndani yake mna mrija wa mpira unaojazwa mafuta na kusukuma vipande vya garnitire.

Piesi ikipatikana, iwe Kinshasa au kwa mafundi wa kiwanja cha Wilson huko Nairobi, ije na karatasi yake. Ya Marekani inaitwa 8130-3, ya Ulaya ni Fomu 1. Piesi iliyotolewa katika ndege iliyokufa inaweza kufaa, lakini ni baada ya kupimwa na kuandikiwa, siyo kwa kutazamwa na macho. Na kama mnabadilisha Goodyear kwa Cleveland, badilisheni magurudumu yote mawili, kwa kibali.

Jambo la afya sasa. Garnitire za zamani, za ndege na za kamyo, nyingi zilitengenezwa na amianti. Vumbi lake haliwashi wala halinuki, lakini linakaa katika mapafu, na ugonjwa unaweza kuonekana baada ya miaka 20 au 40. Usipulize freni kwa kompresa wala kwa kinywa. Ilowanishe, ipanguse kwa kitambaa chenye maji, utie kitambaa katika mfuko na kuufunga. Nguo za kazi zibaki kazini. Kuna mabibi waliopata ugonjwa huo kwa kukung'uta na kufua nguo za bwana tu.

Na yule mama kivulini? Asingoje piesi. Iitwe ndege nyingine kwa radio, au apelekwe kwa mtumbwi wa motere, na muuguzi kando yake. Safari ni ndefu, kupita Isangi na Yangambi, na hakuna anayeipenda.

Siku garnitire mpya zitakapofika, kazi haijaisha. Kama ni za Cleveland zisizo za chuma, piloti aendeshe ndege chini karibu mita 450 akikanyaga freni kidogo kidogo, aziache zipoe dakika 10 mpaka 15, kisha akanyage kwa nguvu na kuongeza moto wa injini. Ndege ikisogea, haruki. Fundi anafungua tena na kutafuta hewa iliyobaki ndani ya mrija.