Kulala msituni: Hatari si simba bali jiko hemani

KILA ninapowaambia marafiki zangu kwamba Jumamosi sitapatikana kwa kuwa naenda kulala msituni, kicheko huzuka mezani. "Daktari, umekosa kitanda?" mmoja huuliza. Mwingine hutaka kujua kama nimegombana na mke wangu. Wa tatu, aliyelelewa kijijini akichota maji mtoni na kutafuta kuni, hunikumbusha kwamba wazazi wake walijinyima ili asome na kuepukana na maisha hayo. Mimi nina stima na maji ya mfereji, nakimbia nini?

Maswali hayo si ya upuuzi. Yakipangwa vizuri ni matatu. Je, kulala porini kuna faida yoyote kwa afya? Je, si mambo ya wazungu na watalii? Na je, si hatari? Leo nitayajibu yote. Swali la tatu nitalijibu kwa kisa ambacho hakinipi sifa hata kidogo, kwa maana mwenye kosa katika kisa hicho ni mimi.

Ninaposema kulala msituni sizungumzii zile hoteli za kifahari ambazo mahema yake yana vitanda na bafu la maji moto. Nazungumzia mtu anayebeba mgongoni hema dogo, blanketi, sufuria, kisu, kibiriti na chakula cha siku mbili, kisha akatembea hadi mahali pasipo na stima wala duka. Huko hujifunza kuchagua mahali pakavu pa kulala, kuwasha moto kwa kuni zilizolowa, kusafisha maji ya kunywa na kutambua mvua kabla haijanyesha. Huo ni ufundi, na kama ufundi mwingine wowote, una kanuni zake.

FAIDA KWA MWILI

Katika chumba changu cha matibabu, malalamiko ya kukosa usingizi hayaishi. Ndani ya ubongo wa binadamu mna kitu mfano wa saa, ambacho huongozwa na mwangaza. Jua la asubuhi huuambia mwili uamke. Giza linapoingia, mwili hutoa homoni iitwayo melatonini, na usingizi hukaribia. Sisi wa mjini tunalichelewesha giza kwa balbu, runinga na simu, halafu tunashangaa mbona usingizi hauji.

Mnamo 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lao. Waliwapeleka watu 8 kupiga kambi milimani kwa juma moja bila tochi wala simu, wakitumia mwangaza wa jua na moto wa kuni pekee. Saa ya miili yao ilirudi nyuma kwa muda wa karibu saa 2, na homoni ya usingizi ikaanza kupanda wakati wa machweo. Watu 8 ni wachache, lakini matokeo hayo yanalingana na ninayoyaona kila ninapolala nje. Kwetu hapa karibu na Ikweta, jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima. Ikifika saa tatu usiku msituni, hata yule mwenye mazoea ya kukesha huanza kusinzia kando ya moto.

Faida ya pili ni mwendo. Shirika la Afya Ulimwenguni hupendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kila juma. Anayepanda kilima akiwa na mzigo mgongoni anaweza kuzimaliza dakika hizo kwa siku moja. Hata hivyo, ikiwa una ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu au kisukari, mwone daktari wako kabla ya kufunga mizigo.

Tatu ni utulivu wa akili. Moto wa kuni mbichi hautaki mtu mwenye haraka. Huna budi kuchonga vijiti vikavu, kuvipanga na kuvipuliza taratibu. Kwa muda huo wote hufikirii deni wala msongamano wa magari.

SI MAMBO YA WAZUNGU

Ni kweli kwamba Baden-Powell, mwanzilishi wa chama cha maskauti, alifariki na kuzikwa Nyeri mwaka 1941, na kwamba wengi wetu tulijifunzia kufunga mafundo katika uskauti. Lakini ujuzi wa msitu ulikuwapo kabla yake. Waogiek wa msitu wa Mau waliishi kwa uwindaji na asali tangu jadi. Na baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, maelfu ya wapiganaji wa Mau Mau waliingia katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Wengine walikaa humo kwa miaka, katika baridi na mvua, wakitafuta chakula na kuuguza majeraha huku wakisakwa kutoka ardhini na angani. Dedan Kimathi hakukamatwa hadi Oktoba 1956. Wazee hao hawakufunzwa na mtalii namna ya kulala msituni.

USIKU WA JIKO

Sasa nije kwenye hatari. Marafiki zangu huogopa simba, ndovu na nyoka. Miaka kadhaa iliyopita, mmoja wao, mhasibu na mcheshi kuliko wote, alikubali kuandamana nami ili ajionee. Ulikuwa mwezi wa Julai. Tulipiga kambi katika safu za Nyandarua, kwenye kimo cha mita 3,000 hivi kutoka usawa wa bahari. Usiku wa kwanza tulilala salama, ingawa alinung'unika kuhusu baridi.

Jioni ya pili mvua ilitunyeshea. Kuni zote zililowa, nasi tukapika kwa jiko dogo la makaa tulilokuwa nalo. Mwenzangu alikuwa akitetemeka. Akaniomba tuliingize jiko hemani walau kwa dakika chache. Mimi nilijua hatari yake, kwani niliisomea na nimeshawahi kuwatibu walioponea chupuchupu. Lakini makaa yalikuwa yamekolea na hayakuwa na moshi, nami nilikuwa nahisi baridi kama yeye. Nikajiambia tutalitoa kabla ya kulala. Tukaliingiza, tukafunga zipu kuzuia mvua, na usingizi ukatuchukua.

Yapata saa nane usiku aliniamsha. "Daktari, kichwa kinanipasuka." Changu pia kilikuwa kikigonga, na nilihisi kichefuchefu. Nikamwambia, "Ni kimo hiki. Meza kidonge cha maumivu ulale, kutakucha." Maneno hayo, msomaji, ndiyo yangetuua.

Mwenzangu hakulala. Akauliza, "Lakini jana tulilala hapa hapa. Mbona hatukuumwa?"

Nikageuka, nikaona wekundu wa makaa pale pembeni. Nilipotaka kusimama, miguu haikunitii. Niliifungua zipu nikiwa nimepiga magoti, nikamburuta hadi nje kwenye mvua. Alitapika, kisha akazimia kwa muda mfupi. Tulijifunika turubai tukasubiri mapambazuko, kisha tukateremka polepole hadi kwenye gari na kwenda hospitali, ambako tuliwekewa oksijeni. Kesho yake tuliruhusiwa kwenda nyumbani.

Simba hakutukaribia safari ile. Kilichotaka kutuua ni chombo kilicho katika nyumba nyingi za Nairobi.

JINSI JIKO LINAVYOUA

Makaa yanapowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ukiivuta huingia katika damu na kushikamana na himoglobini, ile protini inayosafirisha oksijeni mwilini. Hushikamana nayo kwa nguvu zinazozidi za oksijeni zaidi ya mara 200. Kwa hiyo mtu huendelea kupumua kama kawaida huku ubongo na moyo wake vikikosa oksijeni.

Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na kuchanganyikiwa. Hufanana na homa ya mafua, na mlimani hufanana na ugonjwa wa kimo. Alama ya kuitambua ni hii: watu wawili au zaidi walio mahali pamoja huumwa kichwa kwa wakati mmoja, na hupata nafuu wanapotoka nje. Wengine hulala na wasiamke.

Usidanganywe na ukosefu wa moshi. Makaa mekundu yasiyo na moshi, hata yanayokaribia kuzimika, yangali yanatoa gesi hii. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, mtoe nje kwenye hewa safi haraka, bila wewe mwenyewe kukawia ndani. Asipopumua, mpe huduma ya kwanza ya kupumulishwa na kukandamizwa kifua ikiwa umefunzwa. Mpeleke hospitali hata akisema amepona. Maziwa hayaondoi gesi hii katika damu. Tiba yake ni oksijeni.

KABLA HUJAFUNGA SAFARI

Wanaotaka kujaribu, wazingatie haya:

1. Omba ruhusa. Katika mbuga na misitu ya serikali lala mahali palipotengwa pekee, na kwenye ardhi ya jamii zungumza na wazee wa hapo. Mwachie mtu nyumbani maelezo ya unakokwenda na siku ya kurudi.

2. Jiko na moto vibaki nje ya hema, daima. Kabla ya kulala, zima moto kwa maji hadi majivu yapoe.

3. Maji ya mto, hata yakiwa maangavu, yachemshe hadi yatokote kwa dakika moja. Ukiwa juu ya mita 2,000, yaache yatokote kwa dakika tatu, kwani huko maji huchemka kabla ya kufikia joto la kawaida. Anayeharisha apewe lita moja ya maji safi iliyochanganywa na vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe kidogo kidogo.

4. Baridi huua hata katika nchi ya Ikweta. Anayetetemeka, kujikwaa na kuongea kama mlevi amepoteza joto jingi. Mvue nguo zilizolowa, mfunike kwa blanketi kavu, na akiwa na fahamu mpe chai moto yenye sukari. Usimpe pombe. Pombe humfanya ahisi joto huku mwili ukizidi kulipoteza.

5. Ukipanda mlima mrefu, panda polepole. Ukishapita mita 3,000, usizidishe mita 500 hivi kati ya mahali ulipolala jana na utakapolala leo. Maumivu ya kichwa yakizidi, au mtu akianza kupepesuka au kukosa pumzi akiwa ameketi, dawa ni kuteremka mara moja, hata kama ni usiku.

6. Unapokwenda sehemu za joto, kama Pwani au kando ya Ziwa Victoria, muulize daktari kuhusu dawa za kuzuia malaria, na ulale ndani ya neti. Homa yoyote ikikupata katika miezi mitatu baada ya safari, pimwa damu na umweleze daktari ulikokuwa. Wakazi wengi wa Nairobi hawana kinga ya kutosha, na malaria inaweza kuwalemea upesi.

7. Kagua mwili jioni ukitafuta kupe, hasa kwapani na kinenani. Mng'oe kwa kibano karibu na ngozi, ukivuta moja kwa moja bila kumpinda.

8. Aliyeumwa na nyoka atulizwe, avuliwe pete na saa, na kiungo kilichoumwa kifungiwe kijiti kisitikisike, kama kilichovunjika. Usichanje, usifyonze, usifunge kamba ya kuzuia damu. Mbebe hadi hospitali. Nyoka akitema sumu machoni, yaoshe kwa maji mengi.

JIBU LANGU KWA MARAFIKI

Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Msitu umenifunza kuogopa kinachostahili kuogopwa. Mjini tumezungukwa na vitu tulivyovizoea hata hatuvitazami tena, na jiko ni kimojawapo. Kila mwaka kati ya Juni na Agosti, baridi inapoingia, watu hufunga madirisha na kulaza jiko kando ya kitanda, kama nilivyofanya mimi kule Nyandarua nikiwa na shahada yangu ya udaktari.

Rafiki yangu mhasibu hajarudi msituni hadi leo, nami simlaumu. Angali ananicheka mezani, nami namwacha acheke, kwa maana swali lake ndilo lililotuokoa. Lakini siku ile tuliyotoka hospitali, kabla hata ya kuvua viatu, alikwenda chumbani mwa mama yake, mzee wa miaka sabini na kitu, ambaye kila msimu wa baridi huota moto kwa jiko la makaa mlango ukiwa umefungwa. Akalichukua jiko lile, akalitoa uani, akamnunulia mama blanketi mbili nzito.

Jioni ya leo, msomaji, kabla hujazima taa, angalia jiko lako limelala wapi.