Vitamini D: Soma Namba Kabla ya Kumeza

Hapa kwetu Jomvu Kuu jua halikosekani mwaka mzima, na anayeshinda nje mikono wazi, ngozi yake hujitengenezea vitamini D bila kidonge. Lakini mama aliye ndani arobaini na kichanga chake, mzee asiyetoka chumbani, na anayetoka kajifunika hadi viganjani, jua hilo haliwafikii ngozini. Kukaa nyuma ya kioo cha dirisha hakusaidii, kwani kioo huzuia miale inayohitajika. Buibui halina kosa. Uani kwake mtu aweza kukaa mikono na miguu wazi. Asiyeweza hata hilo, dawa ya vitamini D inaweza kumfaa.

Ninayemhofia zaidi ni mtoto anayenyonya. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini D kidogo sana, na mtoto akiikosa mifupa hulainika, miguu ikaingia matege. Kiasi chake ni IU 400 (yaani vizio vya kimataifa) kwa siku. Hapo shika chupa uisome: kuna dawa ambayo IU 400 zimo katika tone moja, na nyingine zimo katika mililita nzima. Mama aliyezoea hii ya pili akinunua ile ya kwanza na kujaza kipimo kilekile, mtoto atazidishiwa mara nyingi. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu jambo hilo. Tumia kipimo kilichokuja na chupa yake tu.

Mtu mzima hadi miaka 70 hutoshwa na IU 600 kwa siku. Aliyepita hapo, 800. Bila daktari, usivuke 4,000. Boksi likiandikwa mikrogramu, zidisha kwa 40 upate IU. Vidonge vya IU 50,000 ni vya kuandikiwa, kwa kawaida kimoja kwa wiki na kwa muda maalumu. Wako wanaovimeza kila siku wakisema ni vitamini tu, na hilo ni hatari kweli: vitamini D huhifadhiwa katika mafuta ya mwili, na ikizidi hupandisha kalsiamu kwenye damu. Mtu hushikwa na kiu, hukojoa mara kwa mara, hupata kichefuchefu na choo kigumu, na figo zaweza kuharibika.

Meza pamoja na chakula chenye mafuta. Wali wa nazi watosha. Mwenye maradhi ya figo, au anayetumia vidonge vya presha vinavyoongeza mkojo, digoksini ya moyo au dawa za kifafa, amuulize daktari kwanza. Na ukienda zahanati, beba maboksi yote, ya kalsiamu na ya multivitamini pia, kwa kuwa mara nyingi vitamini D imo humo na inayohesabiwa ni jumla.